Mstari Mtupu kwenye Plake ya Mama

Ateliye Capitoline,
Kavimvira, Uvira.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Kwizera,

Amani ya Bwana ikufikie huko Liège. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ile? Unakula, au bado unashindia kahawa na mkate kama Spès anavyotuambia? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Frédéric amepona mguu, kaka Eugène amevuna mpunga kidogo kule Katogota, na ziwa limeanza kurudi nyuma baada ya kutuingilia hadi mlangoni mwezi wa nne. Mashini ya leza niliipandisha juu ya meza mbili, maji hayakuigusa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imekushinda. Ujumbe wangu unausoma, naona zile alama mbili zinageuka bluu, halafu kimya, tangu mwezi wa pili. Binamu yetu Spès anarudi huko Jumatano kupitia Bujumbura. Nimemwambia akukabidhi barua hii mkononi na asiondoke kabla hujaifungua. Unamjua, atakaa.

Wiki hii nzima sijatulia, acha nikwambie ukweli. Naanza kufagia, naacha ufagio katikati ya chumba. Nakwenda hadi kwenye kizuizi cha mpaka, nawaangalia wanaobadilisha fedha, narudi bila kujua nilifuata nini. Frédéric anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kuganduka kwa mama, mwaka mmoja tangu tumzike, kumepangwa Jumamosi tarehe 29 mwezi huu, Katogota. Siku hiyo ukoo wote utakaa pamoja, tufunge matanga, na plake, kibao cha jina lake, itawekwa kaburini. Baada ya hapo, mtoto ambaye hakufika anabaki na matanga yake peke yake. Hilo silisemi mimi, umelisikia tangu ukiwa mdogo.

Msalaba wa mbao umeliwa na mchwa, na plake za chuma watu wanaziiba kwenda kuziuza kama vyuma chakavu. Ndiyo maana nilisema nitaitengeneza mwenyewe kwa pleksi, ile plastiki ngumu nyeupe, na ile leza uliyonichagulia: jina la mama, miaka yake, na chini yake majina yetu sisi watoto wake watatu, kama ilivyo kwenye makaburi yote ya kwetu.

Ya kwanza niliiharibu. Ucheke ukipenda. Unakumbuka miaka yote niliyoandika majina ya wenyewe kwenye bidoni za maji kwa chuma cha moto: unakandamiza, unakwenda polepole. Mkono umezoea hivyo. Nikaiweka leza nguvu zote na mwendo wa kinyonga. AKIMANA CHARLOTTE ikavimba kama andazi, kingo zikawa za njano, na ateliye nzima, humu ninamofanyia kazi, ikanuka hadi jirani akaja kuuliza. Kwizera, lilikuwa jina la mama. Nilikaa chini nikalia.

Ndipo nikatafuta ile sauti uliyonitumia miaka miwili iliyopita, mashini ilipofika. Niliihifadhi. Unasema mle kwamba nuru hii tusiyoiona kwa macho haichomi plastiki kama jiko linavyochoma. Inakuja kwa mipigo mifupi mno, kila mpigo unakata vifungo vinavyoshikanisha plastiki, na ngozi nyembamba inaruka kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa kwa jirani yake. Ukiifuatanisha mipigo mahali pamoja bila kupumzika, joto linarundikana, na hapo ndipo unapopika badala ya kuandika. Nikaongeza mwendo, nikapita mara nyingi nikiacha mapumziko kati ya pito na pito. Herufi zikatoka safi, kingo zimenyooka, unaziona hata kwa kidole.

Mama angefurahi. Unajua alivyokuwa akikulalamikia kwa majirani: "Mutoto yangu ameenda mbali vile juu ya kuchoma plastiki?" Nilimweleza mara ngapi kwamba huchomi. Hakunisadiki hata siku moja, lakini kila aliyepita alionyeshwa picha yako umevaa ile miwani kubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha. Siku ya Alhamisi baba mdogo Herménégilde alikuja kutoka Katogota na kofia yake, akavuta kiti, akakaa mbele ya mashini kulinda kazi. Jina la mama lilikuwa limekwisha, langu na la Eugène pia. Lilibaki lako. Akaniuliza mstari wa tatu ni wa nani. Nikamwambia.

"Kwizera hakutupa udongo ku kaburi ya mama yake," akasema. "Miye ndiye nilitupa pa nafasi yake. Jina yake itafanya nini pale?"

Nilimweleza habari za kadi yako ya kukaa huko, kwamba ungetoka wakati ule usingeweza kurudi kumaliza masomo. Alitaka nilifute jina lako kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Kwizera, nilishika kipanya na kidole kikakataa. Sikuweza kukufuta. Kwa hiyo nilimdanganya mzee: niliacha jina pale pale, nikashusha nguvu ya leza hadi chini ya kile kizingiti ulichonieleza, ambapo nuru inagusa plastiki lakini haitoi kitu. Mashini ikaenda na kurudi juu ya mstari wako mara ishirini. Hakuna kilichotokea. Pleksi ilibaki nyeupe na laini.

Baba mdogo alipitisha kidole juu ya ule uwazi. Nilidhani ataniambia niikate sehemu hiyo, plake iwe fupi. Akasimama, akavaa kofia. "Pale uache tu vile," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. Nadhani na yeye amechoka kukubebea mzigo huo.

Alipoondoka niliwasha tena sauti yako, safari hii hadi mwisho. Sikuwahi kufika mwisho, kuranti ya umeme hukatika au mteja huingia. Huko mwishoni unasema pleksi ni msiri: ukiipiga na nuru dhaifu inaonekana haikusikia, kumbe ndani imekwisha kubadilika, na siku utakayoirudia, itaachia kwa nguvu ambayo plastiki isiyoguswa isingeijali.

Sikukuamini. Nilichukua kipande kilichobaki, nikapitisha jina lako mara ishirini kwa nguvu ile ya chini, nikaona patupu. Kisha nikaongeza nguvu kidogo tu, kiasi ambacho pembeni, pasipoguswa, hakikuacha hata alama, nikapita mara moja. KWIZERA ikatokea yote. Nilimwita Frédéric aje aone.

Spès ameniambia jambo ambalo wewe hukuniambia: kadi yako umeipata tangu mwezi wa tatu. Sikukasirika, au nilikasirika kidogo. Najua huogopi polisi wa uwanja wa ndege. Unaogopa kusimama mbele ya kaburi lile na mbele ya baba mdogo. Nami ningeogopa. Lakini mwaka mzima nimekuwa nikikujibia kwa watu, na maneno yameniishia.

Eugène anakusalimu, na Frédéric, na shangazi Naomie ambaye bado anauliza kama umeoa. Baba mdogo hakusema nikusalimu, ila alipofika mlangoni aliuliza ndege ya kutoka huko hufika Bujumbura saa ngapi.

Plake itakaa hapa kwenye mashini hadi Ijumaa tarehe 28. Jina lako limo mle ndani tayari, limebaki pito moja, na nataka ulibonyeze wewe kwa mkono wako. Usipofika, sitalibonyeza. Nitaipeleka Katogota kama ilivyo, na wote watakaosimama pale wataona mstari mtupu, isipokuwa mimi.

Mungu akushike mkono katika njia utakayoichagua, na aifanye iwe ya kuja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponinyamazia,

Capitoline