Nilimwandikisha Mwenzangu Kituo Ambacho Hakufika

Mpendwa Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tu marika basi pokea salamu tu, nakuomba unisomee hadi mwisho maana haya siwezi kumwambia mtu ninayemwona uso.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, kazi yangu kupiga pasi mashuka ya hospitali, huu mwaka wa ishirini na mbili, watoto wameshaoa na kuolewa, na mume wangu ni mtu mwema lakini akirudi nyumbani huisikiliza redio kuliko anavyonisikiliza mimi, kwa hiyo miaka mitatu iliyopita daktari aliponiambia presha imepanda nikaanza kuzunguka ukuta wa hospitali baada ya kazi, raundi moja, kisha tatu, watu wakicheka, mpaka mpishi wa kantini akatoka na aproni yake akaniambia, "Shoga, peke yako wataona una wazimu, tukiwa wawili wataita michezo," na tangu siku hiyo tukawa wawili.

Usinicheke, Mshauri, mimi sikuwahi kuwa na kitu changu. Klabu ya mbio ndefu ilitupokea, wakaniita Kobe kwa mwendo wangu, na nilipomaliza kilomita ishirini mara ya kwanza nililia kama mtoto, maana nilijua sasa lipo jambo naliweza, na Jumatatu nikisimama kwenye pasi mgongo hauumi, au unauma lakini sijali.

Miezi minne iliyopita tulikwenda mbio za milimani, kilomita hamsini, na sheria yao ni kwamba kila kituo kina saa yake ya kufungwa, ukichelewa unapandishwa gari na mbio zako zimeishia hapo. Tulikuwa tumejiandaa mwaka mzima. Kituo cha tatu kilikuwa kinafungwa saa sita na nusu mchana, na kilomita mbili kabla ya kukifikia, jua linachoma, mwenzangu akasema kichwa kinamuuma, akatoka njiani akakaa kwenye kivuli, na maneno yake yalikuwa mazito kidogo mdomoni, kama ya mlevi, niliyasikia, sitaki kukudanganya, lakini akaniambia, "Wewe nenda bwana, mimi nakuja, usije ukafungiwa kwa sababu yangu," nami nikaenda.

Nilifika kituoni zimebaki dakika sita. Aliyekuwa akiandika namba ni mwalimu mmoja wa hesabu, mwanachama mwenzetu, amejitolea, watu wamemzonga, kila mtu anataja namba yake kwa sauti, nami nikataja yangu na ya mwenzangu, nikasema yuko hapo nyuma anafunga kamba za viatu. Nilitaka asifungiwe, Mshauri, ni hilo tu. Kumbe gari la kuokota waliochoka hufuata orodha ileile, likaona wote wameshapita, likaenda zake. Jioni alipokosekana walianza kumtafuta kuanzia kituo cha tatu kwenda mbele, na mimi nikiwa nao namwita, na ilipita kama saa nzima ndipo nikasema labda tuangalie na nyuma. Tulimkuta palepale nilipomwacha. Daktari alisema ni joto, na kwamba hakufa upesi.

Sasa mwalimu ametolewa klabuni kwa uzembe. Alijitetea kwamba kuna mtu alimtajia namba ile, ila kwenye fujo ile hakumbuki nani, na mwenyekiti akauliza mbele yetu sote, "Haya, nani alitaja?" mimi nikaangalia chini. Mkewe anasema siku hizi anakaa kitako sebuleni na kusema peke yake, "Labda nilimwona." Na shemeji, mume wa marehemu, ananiita dada, ananishukuru kwa kumtafuta mkewe, na ameomba wiki mbili zijazo kwenye mbio za kumkumbuka nitangulie mbele nimevaa namba yake. Nikisema ukweli nitapoteza klabu, na bila mbio mimi ni pasi na mashuka tu. Nifanyeje?

Kobe

MSHAURI ANAJIBU

Kobe, pole. Naanza na pole kwa sababu umefiwa, na aliyefiwa hupewa pole hata akiwa na makosa. Sasa kaa vizuri unisikilize.

Kumwacha mwenzako alipokwambia nenda, wengi wangefanya hivyo. Kumwandikisha ulikuwa ujinga, lakini ujinga wenye huruma ndani yake. Jambo zito ni lile uliloliandika harakaharaka ukalipita: ile saa nzima uliyozunguka na watu huko mbele huku ukijua ulimwacha nyuma. Hilo hukuniulizia. Umeniuliza habari za klabu. Nimeirudia barua yako mara tatu nikitafuta swali moja linalomhusu marehemu, sikuliona, na nakwambia kweli, nilikasirika.

Mbio zenyewe sizidharau. Mwanamke kufika miaka arobaini na tano hana kitu cha kwake ni msiba usio na matanga, na naamini kabisa zilikuokoa. Lakini leo kitu chako hicho kinasimama juu ya mgongo wa mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana miezi minne umeweza kumtazama mwalimu akiubeba. Mtu aliyekuwa na akili zake timamu sasa anaanza kuamini kwamba macho yake yalimwona mtu ambaye hakuwepo. Marehemu huwezi kumrudisha. Mwalimu bado yupo, na kila siku unayonyamaza unamharibu kwa mkono wako.

Basi fanya hivi. Leo hii zima hiyo redio umwambie mume wako, maana atakuwa ndiye wa kurudi kwake baadaye, na huenda akakushangaza. Kisha nenda kwa shemeji yako, yeye kwanza, asije akayasikia mitaani. Siku hiyohiyo nenda kwa mwalimu, umwambie mbele ya mkewe, na klabu uiandikie barua yenye sahihi yako. Wakikutoa, umetoka. Polisi wakikuita, useme hayahaya. Kukimbia hakuna mwenyekiti wa kukukataza, miguu ni yako, ila namba ile usiiguse.

Sikuahidi msamaha. Huenda shemeji yako asikuite dada tena mpaka mnazikwa, na hiyo ni haki yake.

Nenda kwa shemeji Jumamosi hii asubuhi, peke yako, usipeleke mtu wa kukusemea. Atakuuliza mkewe alikuwa katika hali gani ulipomwacha, nawe umjibu kama ulivyoniandikia mimi, kwamba maneno yake yalikuwa mazito na uliyasikia. Na useme ukiwa bado umesimama mlangoni. Ukiingia atakuvutia kiti, atakuletea chai, na ukishaishika hiyo chai mkononi utanyamaza tena.