Begi Ambalo Mama Yako Hakulikomboa

Agnesi, mtani wangu,

Nimerudi. Mzima, sijapotea, sijaibiwa, sijaolewa. Nakuandikia hapa hapa Kihonda, cherehani nimeisogeza ukutani, sare za watoto zimelundikana na wenye nazo watasubiri. Ungekuwa hai ningeanza kwa kukutukana kidogo, kama kawaida yetu. Leo acha nianze na la kweli: nimeshusha pumzi. Tangu tukuzike sikuwa nimeishusha.

Hujui kilichotokea siku ya kuanua matanga, kwa hiyo nikueleze, maana chanzo ni wewe. Kazi yangu msibani kwenu Mgeta unaijua. Ukoo wenu na wetu ni watani, na mtani haendi kwenye msiba kulia tu, anakwenda kuwachokoza waliolia ili wapumzike. Nikaingia chumbani kwako, nikalitoa kwenye msumari lile begi la mgongoni la kijani uliloachiwa na mgeni wako mmoja, mtalii uliyempandisha milimani. Nikalivaa juu ya kanga. Nikatoka nalo uani natembea kama wewe, nimeinama mbele kama napanda Uluguru na huku ni sakafu tupu. Nikatangaza kwamba Agnesi kaghairi safari ya nje, nafasi yake nimeichukua mimi, anayetaka zawadi aagize mapema. Watu wakacheka. Hata wanakwaya wa parokia yenu walicheka huku wanafuta machozi.

Mila zetu zinajulikana. Mtani akikamata kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa kwa kuku au kwa debe la mahindi, mambo yanaisha, tunakula. Mjomba wako alikuwa ameshamshika jogoo miguu anakuja naye. Mama yako akamzuia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mrudishe jogoo bandani. Begi sikomboi. Aende nalo huko nje walikokuwa wanakwenda na Agnesi, kisha aje nalo hapa."

Mtani ambaye hakukombolewa anaondoka na kitu alichokamata, na hana pa kushtaki, utani ndio ulivyo. Na kwa kuwa kwetu ukoo ni wa mama, mama yako naye ni mtani wangu halali. Alininasa ndani ya mchezo wangu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba hakuwa anatania. Mjomba wako alinieleza tukiteremka kufuata lori la kunirudisha mjini. Tangu ufe, mama yako anajilaumu kwamba ni yeye aliyekuzuia kusafiri. Ulipotaka kuondoka alikuambia subiri kwanza kabichi zitoke. Zikatoka, akakuambia subiri njegere. Halafu ukaugua, na homa ile haikusubiri zao lolote. Akawa hali, halali, anakaa mlangoni pa chumba chako akilitazama begi. Hapo nikaelewa kwamba si begi tu nimebebeshwa. Nisipokwenda, au nikienda nikarudi nalia, mama yako atabaki pale pale mlangoni.

Na mimi ninaogopa! Mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dar kufuata vitambaa.

Basi, niende wapi? Kila mtu Kihonda alikuwa na nchi yake mfukoni. Dada yangu akasema Dubai, kuna maduka. Fundi mwenzangu akasema Afrika Kusini, ana binamu huko ambaye hapokei simu. Moyo wangu mimi unaujua, ulikuwa Thailand tangu zamani kwa sababu ya zile fukwe za kwenye simu, na wewe ulikuwa unanicheka kwamba nitafika uwanja wa ndege wa huko nianze kuuliza gari la kurudi stendi ya Msamvu. Nikakukumbuka ulivyokuwa unakaa kwenye kile kistuli ukinisaidia kushona vifungo, unasema, "Zuhura, nchi ya kwanza iwe ile unayoweza kukosea usiumie."

Maneno hayo ulikuwa umeyapata kwa wageni wako. Jioni wakivua viatu walikuwa wanakusimulia walikoanzia. Waliofurahi, ulisema, wengi walianzia kwa jirani. Na kuna yule aliyeanzia mbali kabisa akajifungia hotelini analia, kwa sababu hakuweza kusoma hata kibao cha choo. Kwa hiyo ukawa unachekecha nchi kama unachekecha unga. Thailand ilianguka mapema: viza, nauli ya ndege, na ukiogopa huwezi kugeuka. Nairobi ulisema ni jiji, na jiji linamchosha mgeni kabla hajajua kuvuka barabara. Zambia uliipenda, ila ukasema miji yake imeachana mno kwa mtu anayeanza. Rwanda ilibaki muda mrefu, nchi tulivu, unatembea bila wasiwasi, mpaka nikadhani tumemaliza. Halafu ukaja asubuhi moja na Malawi. Viza hawatudai. Ugali wanakula. Kiingereza chetu cha kuunga kinatosha, na karibu na mpaka Kiswahili kipo. Tena tunakwenda kwa barabara, ukishindwa unarudi kwa barabara ile ile. Nilikubali, nikachukua pasipoti. Wiki iliyofuata ukaanza kuiuliza tena Uganda. Wewe, jamani!

Nikachagua Malawi yako.

Kufunga begi peke yangu kulinishinda. Nilipakia sufuria ndogo na maharage, usicheke, kwa sababu kichwani mwangu nje ya nchi hakuna chakula. Nikashona upya mkanda wa bega uliokuwa umelegea. Basi la Mbeya nililala, la kuteremkia mpakani sikulala, nilikuwa natazama migomba ya Tukuyu. Afisa wa upande wetu akagonga muhuri bila hata kunitazama, mimi niliyeshona gauni jipya kwa ajili yake.

Halafu daraja. Mto Songwe, Tanzania huku, Malawi kule. Nilifika katikati nikasimama. Nilikukumbuka, nikaona naiba kitu chako, kwamba safari hii ilikuwa ya wawili na mmoja yuko chini ya udongo Mgeta. Nilikuwa nimeshageuza uso kuelekea nyumbani. Mwanamke mmoja mwenye beseni la mchele kichwani akaja nyuma yangu na Kiswahili chake cha mpakani, akaniuliza nimesahau nini. Nikamwambia nimesahau mwenzangu. Akatazama nyuma, hakuona mtu, akatazama begi. Akasema, "Basi tangulia, dada. Mimi nitakuwa nyuma yako." Nikatangulia. Alinifuata mpaka kwenye kizuizi, akageukia njia yake, hata jina sikumuuliza.

Upande wa pili nikatarajia kitu. Sijui nini. Nilikuta wanaume wanabadilisha hela, mbuzi, na mama anauza mandazi ambayo wao wana jina lao. Jua lile lile. Nilicheka peke yangu pale barabarani mpaka dereva wa teksi akanihurumia.

Karonga nililia. Nakuambia ukweli wote. Niliagiza ugali na usipa, wale dagaa wao, ukaja ugali mweupe, laini kuliko wetu, nikageuka kukuambia kwamba watu hawa hawajui kusonga, na hakuna mtu. Nililia juu ya sahani. Mwenye mgahawa akadhani dagaa wana pilipili akaniletea maji. Nikanywa, nikamaliza chakula, nikaomba kuongezewa. Baada ya hapo, rafiki yangu, hofu ilitoka. Sijui ilishukia wapi. Asubuhi niliamka nasikia njaa tu.

Nkhata Bay, kando ya ziwa, nilipanga kitanda kwenye chumba cha watu wengi, vile vitanda vya juu na chini ulivyokuwa unaniambia. Nilimkuta binti wa Kizambia, naye ndiyo safari yake ya kwanza, naye alikuwa na mabegi mawili na pasi ya nguo. Mwenzangu! Tulipika yale maharage jikoni kwa wageni, tukala na watu ambao sikujua wametoka wapi. Kulikuwa na kijana pale anafundisha kuendesha mtumbwi, akawa anasema Lake Malawi, Lake Malawi, ziwa ambalo sisi ni Nyasa, mimi nanyamaza, ila ukoo wangu wa watani unaujua. Siku ya kuondoka nilimwambia asante kwa kututunzia Nyasa yetu. Akacheka, akaniambia nirudi nije niichukue. Ningeweza kuwa mtani wake yule.

Hicho ndicho kilichonishangaza. Nilikosea sana. Nilipanda gari lisilo langu, nikalipia kitu mara mbili, nikamwamkia mzee shikamoo akanijibu kwa kunipa kiti. Na sikuumia. Ulichagua sawasawa.

Sasa la mama yako.

Nilipanda Mgeta na begi mgongoni. Nilimkuta kwenye matuta ya karoti chini ya nyumba. Nikasema shikamoo mama, naye macho yako kwenye begi. Akalivua mabegani mwangu yeye mwenyewe. Akaketi pale pale kwenye udongo, akatoa kila kitu, kimoja kimoja, sufuria, gauni, kitenge nilichomletea, mchanga wa ziwani. Halafu akasema, "Mimi nilimzuia."

Nilikuwa nimetunga maneno njiani, mazuri ya kufariji, yakapotea yote. Nikamwambia nilichokijua. Nikamwambia, "Mama, wewe hukumzuia. Agnesi alikuwa anapenda kuchagua kuliko kwenda." Nikamsimulia Rwanda, nikamsimulia Zambia, nikamweleza kwamba kabichi zilikuwa zimeshatoka na pasipoti tunazo, na wewe bado unaiuliza Uganda. Kwamba ulikuwa na furaha kwenye kile kistuli, unazunguka nchi zote na sindano mkononi, na sijawahi kukuona una haraka.

Nikaogopa nimeharibu. Halafu akasema ulipokuwa mdogo ulikuwa unachagua kitambaa cha Krismasi mpaka mwenye duka anafunga mlango. Akasema hata mchumba ulimchagua mpaka akaoa mtu mwingine. Na akacheka, Agnesi. Alicheka vibaya, alijishika mbavu, akalia, akacheka tena, na mimi pia, tumeketi kwenye karoti zenu. Mjomba wako alikuja mbio akidhani kuna mwingine amekufa. Jioni ile mama yako alikula sahani nzima. Nililala kitandani kwako na nilimsikia anakoroma.

Asubuhi, ananimiminia chai, akaniuliza mtu wa umri wake, asiyejua Kiingereza, anaanzia nchi gani. Nilidhani utani. Nikamtajia Namugongo, Uganda, parokia huwa inapeleka watu kuhiji kwa basi, wote wanaongea Kiswahili kitupu, na padri yupo. Akakunja uso. Akasema hao anaimba nao kila Jumapili, hataki kuwabeba mpaka ng'ambo. Namugongo atakwenda, lakini na mimi, na begi.

Juzi aliteremka mjini tukaenda kupiga picha ya pasipoti. Mpiga picha alimweleza kwamba picha hii haitaki kucheka, afunge mdomo, atazame mbele. Akafunga mdomo. Kijana akihesabu tu, mama yako anaangua kicheko. Wakajaribu tena, na tena, foleni nyuma inalalamika. Mwisho kijana alikuja kuniomba mimi nitoke nje, labda ni mimi ninayemchekesha. Nikatoka. Nikamsikia anaendelea kucheka huko ndani.

Nitamvusha na nitamrudisha, Agnesi, hilo niachie mimi. Kwaheri, mtani wangu. Yeye sasa analala.

Zuhura