Uso wa Mtakatifu Marina

Jumatatu, 8 Julai 2019
Uso umefutika. Nimeingia leo kanisani kwetu, Mtakatifu Marina, lile dogo lililobanwa na maghorofa matatu na maegesho ya magari. Pale ukutani mtakatifu aliyechorwa hana macho, hana mdomo. Doa la kijivu tu, kama sufuria iliyosuguliwa. Miaka mia saba! Aliokoka moto wa 1917 ulioteketeza mji wetu, akaokoka tetemeko la 1978. Hakuokoka mafundi wa idara ya mambo ya kale waliokuwa wakikarabati humu, na chupa zao za dawa.

Jumanne, 9 Julai
Nimempigia Melpo Karatzoglou, msimamizi wao. Ati walitengeneza paa tu, ukuta hawakuugusa. Wote husema hivyo. Nimeandika makala kwa pumzi moja. Jina lake mara tano. Mwishoni: "Aliyefanya hivi asishike tena ufunguo wa kanisa lolote." Sentensi nzuri.

Alhamisi, 11 Julai
Imetoka gazetini. Sotiris wa mkahawani kaniambia, "Umewachoma, bwana, hata majivu hukubakisha." Mchana nimesikia Melpo kasimamishwa kazi. Nikaagiza kahawa ya pili.

Ijumaa, 12 Julai
Kwa mama. Mwaka wa thelathini huu anatunza ufunguo wa kanisa. Amenisifu, kisha akasema yule binti, Melpo, alikuwa mpole, alimbebea ndoo.
"Ndoo ya nini, mama?"
Ya kuwaogeshea watakatifu kabla ya sikukuu. Nusu kitunguu na siki, kama alivyofundishwa na bibi. Miaka yote picha za mbao tu. Mwaka huu akaona aibu: mwenye sikukuu yuko ukutani, mweusi kwa moshi wa mishumaa.
"Nilimsugua mpaka akang'aa, mwanangu. Kisha hao mafundi wako wakamharibu."
Miwani yake ilikuwa mezani. Huivaa akisoma tu.
Nikaifuta, nikairudisha mezani.

Jumapili, 14 Julai
Mhariri anataka makala ya pili, kali zaidi. Nimeanza mara nne. Nikimtaja mama, watamnyang'anya ufunguo. Ana miaka themanini na moja. Hana pengine pa kwenda asubuhi.

Jumatano, 17 Julai
Sikukuu. Nimetoka kanisani, naandika nje, juu ya boneti ya gari la mtu.
Melpo amekuja. Watu wakampisha kama mwenye ukoma. Mama akamwita: "Njoo, binti." Akamshika shavu mbele ya wote. "Mimi nimekusamehe. Mtakatifu naye atakusamehe."
Melpo akaushika ule mkono, akaunusa. Akauliza taratibu, "Bibi, umepika kitunguu?"
"Jana nimewaogesha tena watakatifu. Kila mwaka."
Melpo akautazama ukuta. Kisha akanitazama mimi. Akamwachia mama mkono polepole, akakaa benchi la mbele, akaweka mkoba wake kwenye nafasi iliyo kando yake — kisha akauondoa, nafasi ikabaki wazi.
Mama ametoka mlangoni sasa hivi, anapepesa macho juani. "Leandros! Ingia, mbona unamwacha mgeni peke yake?"