Uongo Niliomsemea Mama Bakuli

Buzebazeba, Ujiji,
Kigoma.
9 Novemba 2011

Mpendwa Dada Verediana,

Shikamoo dada. Kwanza niambie habari ya kifua chako, bado kinakubana? Na shemeji na watoto, wameizoea hiyo barafu au bado mnalala na soksi? Sisi huku wazima, Mungu hajatutupa. Mvua zimeanza, ziwa limechafuka na dagaa ni wa kutafuta, lakini tunakula. Mama ana nguvu zake, ni goti tu linalomsumbua asubuhi.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, simu ikilia humu ndani Mama ndiye wa kwanza kuvuta kigoda, na lazima niweke sauti kubwa asikie. Ninalotaka kukuambia siwezi kulisema akiwa anasikia. Leodgar, yule fundi cherehani tuliyekuwa jirani naye kambini Nyarugusu, jina lake limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo, na mji aliopangiwa ni huo huo wako. Amekuja Ujiji kuaga wakwe zake. Saa nne atapita hapa kuchukua barua kisha arudi kambini wakasafirishwe. Sasa hivi ni saa tatu na kitu. Mwandiko ukikushinda nisamehe, ninaandika mbio.

Siku ile kwenye simu ulinicheka ukasema tumegeuka Wakorea. Cheka tu! Kila Jumatano na Jumamosi saa tisa alasiri, kabla vijana hawajaja kuangalia mpira, Yassir anatufungulia kibanda chake cha video sisi wanawake. Sidii zinakuja na boti kutoka Uvira, zina maandishi ya Kifaransa chini. Basi kile Kifaransa tulichopigiwa viboko shule ya kambini kimepata kazi. Ninakaa pembeni ya televisheni na maiki, ninasoma haraka, ninasema kwa Kiswahili. Mwanaume akizungumza ninakoroma, mwanamke akizungumza ninalainisha. Wananiita Mkalimani, na ninavimba kichwa, sikufichi.

Majina yao ya Kikorea yametushinda, tumewapa yetu. Kuna Wakili Raba, msichana anayetembea na raba mpaka mlango wa mahakama, anavaa viatu virefu hapo hapo ngazini, anaingia kuwatoa jasho mabwana wakubwa. Wasichana wa hapa wanampenda mpaka wanatembea kama yeye. Kuna Mama Mkwe Glovu, havui glovu hata akinywa chai, anaona kila kitu cha mkamwana wake ni uchafu. Jirani yetu Bibiana anamtetea kwa nguvu zote, na tunajua sababu, maana na yeye mkamwana wake hana raha. Juzi alitaka kushikana na jirani mwingine kwa ajili ya yule mama. Wanagombana kwa ajili ya mtu asiyejua hata Ujiji iko wapi!

Lakini Mama yetu hao wote hawamhusu. Wake ni mmoja, Mama Bakuli. Ni mwanamke wa makamo, muuza samaki sokoni, mwanawe alichukuliwa na wanajeshi miaka mingi. Kila jioni anapakua bakuli moja la wali zaidi, analifunika na kitambaa, anasubiri. Asubuhi anaula ule wali wa baridi peke yake. Mama haondoi macho kwake. Unajua sababu. Kile kikombe cha bati cha buluu cha ndugu yetu Anatoli, ambacho Mama alivuka nacho ziwa mwaka ule wa tisini na sita, bado kiko kwenye msumari wake, na mgeni akikigusa anaambiwa achukue kingine.

Ngoja, maharage yanaungua.

Nimerudi. Nimesimama mara tatu tangu nianze, hata sijui ninamkimbia nani.

Jumamosi ndipo nilipoharibu. Mzee mmoja mwenye sare alifika kwa Mama Bakuli na kifurushi cha shati. Maandishi yakatokea: mwanao alifariki majira ya kwanza ya baridi. Niliyaona vizuri kabisa. Na Mama alikuwa benchi la mbele, amenikazia macho mimi, siyo televisheni. Dada, ulimi ulikataa. Nikasema kwenye maiki, "Mama, mwanao yu hai. Yuko mbali tu, hajapata njia ya kurudi."

Vigelegele! Wanawake wakarushiana kanga. Kumbe kwenye picha yule mama ameketi chini anatikisika mabega. Bibiana akauliza, mbona analia? Nikasema, furaha hiyo. Halafu akainuka, akaliosha lile bakuli, akalifuta, akaliinamisha rafuni, mdomo chini. Hapo hapakuwa na maneno ya kutafsiri.

Jumapili baada ya misa Mama akasema anataka kuvuka ziwa kurudi kwetu Fizi. Ameshazungumza na wenye boti, nafasi yake ni tarehe kumi na tano Desemba. Nikamuuliza anavuka kufuata nini. Akasema, "Namfuata mwanangu."

Dada, mimi na wewe tunajua tangu 2004, Gervasi, yule mtu wa kijijini kwetu, alipokuja kambini akatuambia alimzika Anatoli kwa mikono yake kule Mboko, homa ilimmaliza wiki ile ile tuliyopotezana naye. Wewe ulisema tunyamaze, presha ya Mama ilikuwa juu, na mimi nikakutii. Lakini sasa nimemfufua mtu kwa maiki. Kwa goti lile atatoka Baraka mpaka Fizi, soko kwa soko, akiulizia kijana ambaye hayupo. Atafia barabarani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua.

Kwetu habari ya msiba haitolewi na mdogo wakati mkubwa yupo. Ndiyo maana ninakuomba ruhusa. Nimwambie, au utamwambia mwenyewe? Ukiipata barua hii piga simu siku hiyo hiyo, useme neno moja tu, ndiyo au hapana. Nitaelewa, naye hatajua.

Dada, naendelea. Leodgar amefika nikiwa kwenye mstari ule wa juu. Yuko kibarazani, nimemwomba anivumilie kidogo.

Aliomba maji. Mama akaingia ndani, akapita vikombe vyote vya mezani, akatungua kile cha buluu. Akakisuuza, akamtekea. Leodgar akanywa yote akashukuru, hajui amenywea nini. Mimi nilikuwa mlangoni na kalamu mkononi.

Mama akanifuata ndani. Akasema, "Kama ni dada yako unamwandikia, mwambie nimejua."

Nikamuuliza, umejua nini Mama? Akasema, "Merina, mimi ni mzazi. Mtoto akiwa njiani bakuli haliinamishwi, linajazwa. Wewe ulisema vizuri, hata mimi nilitamani kukuamini. Lakini yule mwanamke alikuwa anazika."

Akauliza nani alimzika Anatoli. Nikasema Gervasi. Akauliza, alimfunika? Nikasema alimfunika na shati lake mwenyewe. Akatikisa kichwa taratibu, akasema basi Gervasi ndiye atakayempeleka akamwonyeshe kaburi. Haendi kumtafuta mtu dada, anakwenda kulia. Miaka kumi na mitano hajalia, alikuwa anaona akilia atamfukuza njiani.

Halafu akauliza kama na wewe ulijua. Sikuweza kuongeza uongo mwingine. Nimemwambia. Akavuta kigoda akaketi, akalinyoosha lile goti. Mwisho akasema, "Na yeye alibeba peke yake huko kwenye baridi. Mwambie simdai."

Kwa hiyo yale niliyokuomba huko juu yaache, sina muda wa kuandika upya. Usinipigie kwa neno moja. Piga uzungumze na Mama, kwa sauti kubwa.

Ameagiza jambo moja. Tarehe kumi na tano, kukicha, tutatandika mkeka hapa kabla hajapanda boti. Anataka na wewe ukae chini siku hiyo, chini kabisa, hata kama sakafu ni ya barafu. Anasema matanga ya mtoto wa kiume hayakaliwi na dada mmoja.

Leo saa tisa nina kibanda. Nitashika maiki kabla ya mkanda mpya niwaambie wanawake kwamba niliwadanganya, yule mtoto alikufa. Bibiana atanitukana wiki nzima, na atakuwa na haki.

Msalimie shemeji, wabusu Diana na Lukas, waambie bibi yao anawaombea. Jirani Bibiana anakusalimu, Gervasi pia. Mungu akutunzie hicho kifua, akupe na machozi, maana wewe ulipewa mzigo kabla ya hayo.

Leodgar anakohoa nje, ndiyo kuniharakisha. Kikombe nilitaka kukirudisha msumarini, Mama amenikataza. Amesema jioni atakinywea uji.

Mdogo wako asiyekuacha moyoni,
Merina