Mita Mia Kibandani kwa Shomari

Jumatatu, 14 Julai
Nimesuka vichwa vitatu, cha nne kimeghairi. Nikapitia kwa Shomari, kibanda cha gemu kilichopakana na saluni yangu. Nimekimbia mita mia mara mbili, kwenye skrini. Nimeshinda zote. Niliyemshinda akajichekesha, eti alikuwa ananiachia. Mwongo.

Shomari akanifuata mlangoni. Kasema kuanzia leo wanawake basi, wateja wake wanaona haya. Haya gani? Wanaona haya kupigwa. Nimemwambia hivyo hivyo, mbele ya watu.

Jumanne, 15 Julai
Hasira haijaisha. Nimempa Shomari sharti: Jumapili baada ya alasiri nikimbie na Dulla, bingwa wao. Nikishinda, naingia kama mteja yeyote. Nikishindwa, sikanyagi tena humo. Mpaka siku hiyo nifanye mazoezi asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kakubali haraka mno, kenge yule.

Shangazi Somoe kazipata habari sokoni kabla sijafika nyumbani. "Mwanamke mzima, miaka thelathini na moja, unagombania kideo!" Ndiyo, nagombania. Kutwa nzima natazama visogo vya watu. Mle ndani ndimo ninamokimbia.

Alhamisi, 17 Julai
Mchezo wenyewe hauna uchawi. Unangoja mlio wa bastola. Ukibonya kabla, umechomoka. Mara ya pili unatolewa. Kisha vitufe vya mraba, duara, mraba, duara, mbio mbio, kwa kupokezana. Ukivibonya vyote pamoja, mkimbiaji wako anajikwaa. Kwenye mstari unabonya kitufe cha juu, anatanguliza kifua.

Wanaume wanasugua kwa kidole gumba kimoja mpaka kinavimba. Mie naiweka pedi, hiyo yenye vitufe, mapajani, kidole kimoja kila mkono, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kijijini kwetu Salale nimetwanga mpunga tangu nina miaka saba. Michi yangu haigongani.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeshindwa mara tano, tena na mashine. Kila nikifika mita sabini vidole vinapoa. Nimelia chooni. Humu daftarini sitaki kujidanganya.

Jioni nilikuwa nagonga gonga meza kwa vidole, Shangazi ananitazama. Kaniambia, "Mbona unapunguza?" Kumbe! Mpunga ukikaribia kumenyeka unapunguza mchi, mchele usivunjike. Mikono imezoea adabu ya kinu. Kaburura kinu chake uani, katia mpunga, kashika mchi wa pili, kanikataza kupunguza. Tumetwanga tukatoa chenga tupu. Yeye, aliyenisema sokoni kote! Chenga tumepikia uji.

Jumapili, 20 Julai
Kibanda kilifurika. Dulla kanipa mkono kwa heshima, halafu kachomoka kabla ya bastola. Tukaanza upya. Mita thelathini yuko mbele. Hamsini tuko sawa. Sabini mikono ikataka kupoa. Nikapiga kelele, "Na uvunjike huo mchele!" Hakuna aliyeelewa. Sikupunguza. Nikatanguliza kifua. Jina langu juu, la Dulla chini.

Shomari akadakia: pedi hushikwa mkononi, haiwekwi mapajani, mbio hizi hazihesabiki. Nilikuwa tayari kumparamia. Dulla akaniwahi. "Bosi, kanipiga. Yaishe." Nimefurahi mno. Shomari sijamsamehe, na sina haraka.

Jumatatu, 21 Julai
Nimesuka wawili. Alasiri nimeingia kibandani. Shomari kaninyooshea pedi tu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mita mia ilikuwa na watu, nikacheza mpira, nami mpira siujui hata kidogo. Nimefungwa nne bila. Wamenicheka kama wanavyochekana wenyewe. Nikaenda kukaa mwisho wa benchi, nangoja zamu.