Kwako Uliyeushika Mlango wa Chumba cha Damu

Mwaka umetimia leo, mwanetu, tangu wakuue mlangoni pa kazi yako. Watu wametushauri tuandike kwamba ulitutoka. Hukututoka. Uliuawa kwa mawe na nyundo, mchana kweupe, na waliokuua walikuwa wakikuita dada.

Ulikuwa mtu wa maabara mwenye mkono mwepesi, na wanawake walikubandika jina la Sindano. Ulipapasa mkono wa mtu huku ukimuuliza habari za watoto, na kabla hajamaliza kujibu, kichupa kimeshajaa. Kisha ukakipindua polepole, huku na huku, maana damu ikitikiswa inaharibika. Hata dawa ya kikohozi nyumbani uliipindua vivyo hivyo, mumeo akakucheka: "Imeandikwa tikisa, mke wangu, si bembeleza."

Mama yako alikuita mbu mwenye diploma. Ukamjibu, "Mbu haombi ruhusa, mama."

Uliingia kazi hiyo kwa ajili ya mama yako mdogo. Siku alipoonyesha titi lake, lilikuwa limeshapasuka. Wewe ndiye uliyemsafisha kidonda kile mpaka mwisho, ukiwa bado mwanafunzi, na ukaapa kwamba mwizi huyu lazima akamatwe akiwa bado nje ya uzio. Ndipo ukajiunga na wale wanaotafuta dalili za saratani ya matiti ndani ya damu, kabla vidole havijagusa uvimbe. Huenda zipo, ulisema. Hukumwahidi mtu zaidi ya hapo. Ndiyo maana mlihitaji damu ya mwanamke yuleyule, akiwa mzima, tena na tena, ili muone inavyobadilika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanawake mliwaeleza, waume hamkuwaeleza. Mlipochukua damu ya pili, mtaani wakauliza ya kwanza ilikwenda wapi. Kisha mke wa seremala, mmoja wa wanawake waliowapa damu, akafa kwa kifafa cha mimba, na uvumi ukaota miguu. Mumiani wamemkausha damu, wakasema.

Walikuja na mbao zenye misumari, seremala mbele na nyundo yake. Ndani mlikuwa wewe, muuguzi, na wanawake waliokuwa wakisubiri kwenye benchi.

"Watoe kwa nyuma," ulimwambia muuguzi. "Mimi nitazungumza na hao."

"Shoga, hao hawakuja kuzungumza."

"Basi nitawachelewesha."

Ukauegemea mlango kwa mgongo. Waliuvunja ukiwa umeuegemea. Jiwe la kwanza lilikupasua paji la uso. Nyundo ilikuvunja taya, kisha kichwa. Friza waliikokota mpaka uani wakaipasua, na vichupa vya asubuhi ile wakavikanyaga kimoja baada ya kingine huku wakishangilia. Mama yako alipofika, sakafu yote ilikuwa nyekundu, asijue ipi ni damu yako na ipi ni ya watu. Ulikuwa bado umeushika ule mpira wa kufungia mikono ya watu kabla ya sindano. Alikufungua vidole kimoja kimoja.

Wanawake wote walitoka salama. Wote.

Seremala yuko gerezani. Mama yake alikuja nyumbani kuomba msamaha, na mama yako akamjibu kupitia dirishani: "Wako yu hai, kampelekee sabuni." Hajajutia neno hilo.

Mwezi uliopita walikifungua tena chumba chako. Mlango mpya, friza mpya, benchi lilelile, na hakuna aliyekuja kulikalia. Muuguzi alituletea habari kwamba wakubwa wa utafiti wamechoka kungoja: benchi likibaki tupu, watafunga moja kwa moja. Yaani wangekuua mara ya pili. Mama yako akavaa viatu, akaenda, akakunja mkono wa gauni. Mshipa uliikimbia sindano mara mbili.

"Mishipa yako mikaidi, mama," muuguzi akasema.

"Imezoea mkono mwingine. Chimba tu."

Alikuwa amekaa kwenye benchi, amebana pamba, mlango ulipofunguliwa. Akaingia mama wa seremala, mkono wa gauni ameshaukunja. Alisimama pale pale kizingitini, macho chini, akingoja kufukuzwa. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, wanawake wengine walikuwa wamejikusanya wakitazama itakuwaje.

Mama yako hakumsalimia. Hajamsamehe mtu, na hilo lieleweke. Alisogea, akamwachia nafasi, yule mama akakaa. Ndipo wale wa ng'ambo wakaanza kuvuka barabara.

Unakumbukwa na mama yako na baba yako, mumeo, ambaye siku hizi huipindua dawa ya kikohozi polepole, binti yako, anayewachoma sindano wanasesere wake baada ya kuwaomba ruhusa, kaka zako, muuguzi, shoga yako, na wanawake wote waliotokea mlango wa nyuma.

Maadamu damu inatembea mwilini mwetu, Sindano wetu, tutakukumbuka.