Kwa Arvid Lahtela: Mwaka wa Barua Zisizojua Kwamba Umeondoka

Mwaka umetimia juma hili tangu utuache, Arvid, na kabla ya kusema lolote jema juu yako hatuna budi kukiri kwamba tuliishi nawe bila kuliona jambo lililokuwa wazi kabisa. Kando ya jiko la sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, palikuwa na kapu la barua. Kila Jumamosi tulilipita tukiwa na taulo begani. Barua zote zilikuwa na picha ya tai na bendera, zote zilitoka kwa shirika moja la siasa liitwalo Mlinzi wa Askari Wastaafu, na zote zilianza kwa maneno "Rafiki yetu Arvid". Tuliona umezipanga vizuri, mahali pakavu, karibu na mkono wako. Tukasema: mzee huyu analipenda shirika lake.

Hatukuona kwamba barua za kapuni zilikuwa zikipungua kila Jumamosi.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Ulirudi kutoka Vietnam ukiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, ukaingia mgodi wa shaba, na kuhusu vita hukutusimulia chochote isipokuwa matope. Kahawa uliimimina kwenye kisahani na kuinywa humo, kama alivyofanya marehemu mama yako, hata mbele ya wageni. Theluji ilipoanguka ulisafisha njia ya jirani kwanza, ndipo yako. Ukiulizwa sababu, ulijibu kwamba yake ni fupi.

Na uliendesha gari la wastaafu. Lile basi dogo jeupe la kaunti liliwachukua wenzako hadi hospitali ya jeshi, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na wewe hukuchukua ujira wowote kwa miaka yote hiyo. "Mimi naendesha tu," ulisema. "Wao ndio wanaoumwa." Abiria wako wa kudumu alikuwa Clarence Beauchamp, mliyetumikia naye kikosi kimoja, ambaye kila Jumanne huchomwa sindano ya saratani ya mapafu. Mlibishana njia nzima.

"Arvid, punguza mwendo bwana. Mimi nataka kufia hospitali, siyo shimoni hapa."

"Ukifia hapa utaniokolea mafuta."

Ulipofariki, tulikaa mezani jikoni kuandika tangazo la msiba. Unajua desturi ya huku: mwishoni mtu huandika kwamba badala ya maua, familia ingependa michango iende mahali fulani. Mama Verna, mkeo, aliuliza ni mahali gani ungepapenda. Mwanao Dale akasema, "Lile kapu kule sauna, Mama. Huoni alivyozitunza?" Sote tukakubali. Tukaandika jina la Mlinzi wa Askari Wastaafu, tena kwa herufi nzito.

Watu wa hapa, Arvid, unawajua. Walikupenda. Walitoa hata wale ambao hawana kuni za kutosha za kumaliza majira ya baridi.

Baada ya maziko tulikuwa katika ukumbi wa kanisa, tukinywa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Clarence, ambaye macho yake hayasomi tena gazeti, alimsogelea Mama.

"Shemeji, ile michango mmesema iende wapi?"

"Kwa wale Mlinzi. Wale wa tai."

Clarence aliweka kikombe chini. "Wale wa tai? Shemeji, Arvid alikuwa akiwashia sauna!"

"Akiwashia nini?"

"Barua zao! Aliniambia zinashika moto kuliko ganda la mti, kwa kuwa zimejaa maneno makavu. Kwanza anabandua ile senti kumi waliyoigundisha juu ili mtu aone haya kutotoa, anaiweka ya kahawa yangu. Halafu karatasi inaingia motoni."

Ukumbi mzima ulicheka, na bila shaka wewe ungecheka. Mama hakucheka. Siku tatu kabla ya hapo giaboksi ya basi jeupe ilikuwa imekufa, kaunti ilikuwa imesema haina fungu la kuitengeneza, na michango ile ingetosha kuitengeneza na kununua matairi ya theluji pia. Gari lilisukumwa bandani, na Clarence akabaki hana wa kumpeleka hospitali.

Mama alipiga simu kuomba michango irudishwe.

"Naiona namba hii kwa jina la Arvid," alisema binti upande wa pili. "Yupo karibu, mama?"

"Arvid amefariki. Ndiyo maana nimepiga."

"Pole sana, mama. Je, ungependa tumwandikishe kuwa mlinzi mchangiaji wa kila mwezi, kwa heshima yake?"

"Binti, mtu amekufa."

"Nimekuelewa, mama. Wengi huona inawafariji."

Mama alieleza habari ya basi, ya giaboksi, ya Clarence na sindano zake. Binti alisikiliza kwa adabu, akasema michango ikishapokelewa hairudishwi. Kisha akafafanua: "Sisi hatupeleki watu hospitali, mama. Sisi tunatetea sera."

"Clarence hawezi kupanda sera kwenda hospitali," alisema Mama, akakata simu.

Tuliisoma taarifa yao ya mwaka, ambayo sheria inawataka waiweke hadharani. Sehemu kubwa ya michango ililipa kampuni inayoandika barua za kuomba michango. Sehemu iliyofuata ililipa matangazo ya televisheni ya kumpinga mgombea wa useneti katika jimbo ambalo hujawahi kulikanyaga. Iliyobaki iliitwa "elimu kwa umma". Tulipouliza elimu hiyo hutolewa vipi, tulijibiwa kwamba hutolewa kwa barua.

Hatusemi kwamba kila anayewatetea askari ni laghai. Wewe mwenyewe ulilipwa fidia ya kikohozi ulichorudi nacho kutoka vitani kwa sababu wazee wenzako walikwenda Washington, wakasimama mvuani mpaka wabunge wakaona haya. Utetezi ni kazi, na kazi hugharimu. Lakini wazee wale walirudi nyumbani wakiwa na sheria mkononi. Hawa wamerudi wakiwa na anwani za jirani zetu. Na hawakuvunja kifungu hata kimoja, Arvid. Laiti wangevunja! Mwizi hukamatwa, akapelekwa mahakamani, watu wakapumua. Hawa humletea mtu barua ya shukrani, na ndani yake bahasha nyingine tupu.

Maana sasa kila aliyekuzika yumo katika orodha yao. Dada yako Sylvia hawezi kuingia kanisani bila kumfuata Mama.

"Wifi, marafiki zako wameniandikia tena."

"Si marafiki zangu."

"Safari hii wameleta na soksi. Ndogo. Wanadhani askari wana miguu ya watoto?"

Nawe pia bado wanakuandikia. Majira ya kiangazi waliuliza, "Arvid, mbona kimya?" Juma lililopita waliandika, "Rafiki, tumekukosea nini?" Tumewapelekea cheti cha kifo mara mbili. Walijibu kwa kukushukuru kwa kusahihisha taarifa zako.

Januari ndiyo ilikuwa mbaya. Clarence alikosa sindano Jumanne ya kwanza, akakosa ya pili. Alipumua kama msumeno unaopita kwenye ubao wenye fundo. Daktari alisema kwa simu kwamba dawa ile haingojei mtu. Dale alikuwa zamu mbali na nyumbani, na bintiyo Gail yuko mbali zaidi. Jumanne ya tatu Mama alichukua funguo za pikapu yako, yeye ambaye tangu harusi yenu hakuwahi kuendesha kwenye barafu, kwa kuwa wewe hukumruhusu na yeye hakutaka. Akasimama mlangoni kwa Clarence, injini ikinguruma.

"Nani anaendesha?" Clarence aliuliza.

"Mimi."

"Shemeji, mimi nimenusurika vita vizima…"

"Funga mkanda."

Walichukua saa tatu na nusu. Clarence anasema Mama alikaza usukani kwa mikono miwili mpaka kwenye maegesho ya hospitali. Hapo aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akakulaumu wewe, kwa jina lako kamili, kwa kutowahi kumwambia mtu yeyote kwamba zile barua zilikuwa kuni. Kisha akamshika Clarence mkono wakaingia ndani.

Waliporudi, Sylvia alitaka Mama atangaze mchango mwingine katika karatasi ya matangazo ya kanisa, safari hii kwa jina sahihi. Mama alikataa katakata. "Watu hawa wametoa mara moja, wakanyang'anywa kwa adabu. Siwezi kuwaomba tena fedha. Nitawaomba siku." Akaandika kwa mkono wake mstari mmoja: familia ya Arvid Lahtela inamtafuta yeyote mwenye leseni, gari linalowaka na Jumanne moja kwa mwezi. Walikuja wanne. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu ambaye Clarence anadai anaendesha kama anayesahihisha mitihani.

Tunakukumbuka, Arvid: mkeo Verna, wanao Dale na Gail, mkweo Renee, wajukuu wako Eino na Brynn, dada yako Sylvia, na Clarence, ambaye ametuamuru tumwandike kuwa ndugu. Hutatoka mioyoni mwetu, siku zote tutakazojaliwa. Mwaka huu hatuombi maua, wala hatuombi michango iende popote.

Basi jeupe bado limelala bandani. Tangu Februari, Clarence hajakosa Jumanne hata moja.